Uchachu wa Mtindi Unaposomwa kwa Mwanga

Mwaka 2004, katika mtaa wa Mabatini jijini Mwanza, kikundi cha akina mama kilianza kutengeneza mtindi wenye bakteria rafiki, Lactobacillus rhamnosus GR-1, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada. Miongoni mwa walaji wake walikuwamo watu wanaoishi na VVU. Kwa mlaji mwenye kinga dhaifu, ni muhimu kujua iwapo mtindi umechacha ipasavyo.

Maziwa yasiyochacha huwa na pH ya karibu 6.6. Bakteria hula sukari ya maziwa na kutoa asidi ya laktiki. pH ikishuka hadi 4.6, maziwa huganda, na vijidudu vingi vya maradhi hushindwa kuongezeka. Hatua hizo mbili si ndogo: asidi imeongezeka mara 100.

Ulimi haupimi kwa usahihi huo, na kufunua chombo kila mara hukaribisha uchafu. Katika bioteknolojia, kazi hiyo huweza kufanywa na uzi mwembamba wa kioo, wa jamaa moja na nyuzi za mkongo wa intaneti. Nchani mwake hutiwa rangi inayobadilika kufuatana na asidi, kama maji ya rozela yanavyokolea wekundu yakikamuliwa ndimu. Mwanga hupita ndani ya uzi, hukutana na rangi hiyo, kisha hurudi ukiwa umebadilika. Kifaa husoma badiliko hilo na kuonyesha pH, dakika kwa dakika, chombo kikiwa kimefungwa.

Hivyo mwendo mzima wa uchachu huonekana. pH isiposhuka kwa saa kadhaa, huenda bakteria wa kuanzishia wamekufa, joto halitoshi, au ng'ombe alikamuliwa akiwa bado katika tiba ya antibayotiki. Mtindi huo usiuzwe.

Jiko dogo laweza kutumia karatasi ya kupimia pH, yenye kanuni ileile ya rangi. Sampuli ichotwe kwa kijiko safi, isirudishwe chomboni. Saa na kipimo viandikwe.

Hata hivyo, uchachu hauchukui nafasi ya kuchemsha: bakteria wa brusela waweza kubaki hai katika maziwa mabichi yaliyogandishwa. Wala mtindi hauchukui nafasi ya dawa za kufubaza VVU. Mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka sana amwulize kwanza mhudumu wa afya kabla ya kula mtindi wenye bakteria hai.