Je, kuchora kwaweza kuwa ibada?

*Mimi ni muumini wa Kanisa la Marafiki. Nikichora, moyo hutulia kana kwamba niko kwenye maombi. Mzee mmoja wa kanisa ameniambia kuwa Marafiki wa kwanza waliikataa sanaa kwa kuwa ni anasa. Je, niache? Msomaji, Vihiga*

Ndugu msomaji, kuhusu historia mzee wako amesema kweli. Katika Uingereza ya karne ya 17, Solomon Eccles, mwanamuziki stadi, alichoma ala zake baada ya kujiunga na Marafiki. Walichoogopa ni sanaa ya kutafuta sifa, inayomtoa mtu katika ukimya ambamo, kwa imani yao, Mungu husema na kila mmoja. Lakini hoja hiyo inahukumu nia, haihukumu brashi. Edward Hicks wa Pennsylvania, mhubiri wa Marafiki aliyefariki 1849, alisumbuliwa na shaka kama yako, akaacha rangi akajaribu kilimo, kikamshinda. Aliporudi, alichora mara kadhaa wa kadhaa unabii wa Isaya wa wanyama wakali na wapole wakikaa pamoja, na leo picha hizo ni ushuhuda wa amani unaojulikana kuliko mahubiri yake. Huenda mzee akajibu kwamba Hicks ni mmoja tu. Basi na aangalie kwenu: Marafiki wa Kenya, ambao misheni yao ilianza Kaimosi mwaka 1902, huimba ibadani, na uimbaji ni sanaa.

Kaa kimya kidogo kabla ya kuchora, na kazi nyingine usimwonyeshe mtu. Usiifanye badala ya kukusanyika na wenzako. Hatia ikizidi kukunyima usingizi, zungumza na mchungaji au mshauri nasaha. Kuchora usiache.