Dawa Zikikosekana Mkongani, Aulizwe Nani?

Mgonjwa akiambiwa dirishani "hii kanunue nje," lawama humwangukia aliye karibu: muuguzi aliyemhudumia, au MCA, mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, aliyepita kijijini kuomba kura. Mara nyingi hakuna hata mmoja wao anayeshika ufunguo wa stoo. Huduma za umma katika wadi ya Mkongani, eneo bunge la Matuga, Kaunti ya Kwale, zimegawanywa baina ya serikali mbili, ile ya kaunti iliyo Kwale mjini na ile kuu iliyo Nairobi, na kila moja ina watu wake wa kujibu. Swali likipelekwa kwa asiyehusika halipati jibu hata liulizwe kwa ukali wa namna gani. Haya ni maswali ambayo wananchi huuliza sana, na majibu yake.

Zahanati na hospitali ni za serikali gani?

Ni za kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliikabidhi kaunti zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti na famasia zake, ambulensi, na huduma za afya ya msingi. Serikali kuu ilibaki na sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa, kama ile ya Kenyatta Nairobi na ya Moi kule Eldoret. Kwa hiyo kituo cha afya cha Mkongani, hospitali ya Kwale na ile ya rufaa ya Msambweni zote zimo mikononi mwa serikali ya kaunti, na wa kujibu ni waziri wa afya wa kaunti na gavana aliyemteua.

Mgonjwa akihamishiwa Coast General, Mombasa, ameingia hospitali ya kaunti nyingine. Kilichomfika wodini huko kinaulizwa huko. Lakini ikiwa ambulensi ya kumtoa Kwale ilichelewa, hilo ni swali la Kwale.

Kwa nini dawa huisha?

Dawa hupitia mikono mingi kabla ya kufika dirishani. Kituo huandika mahitaji yake, kaunti huyakusanya na kuagiza kwa KEMSA, shirika la serikali kuu linalonunua na kusambaza dawa, kisha KEMSA huleta mzigo na kaunti hulipa. Mambo yanaweza kukwama popote hapo. Huenda kituo kilichelewa kuagiza. Huenda kiliagiza makopo kumi kikaletewa mawili. Huenda KEMSA yenyewe haina dawa hiyo. Huenda kaunti inadaiwa kwa sababu mgao wake kutoka hazina ya kitaifa umechelewa, malalamiko ambayo magavana nchini wameyatoa mara nyingi. Kila sababu ina mtu wake wa kuulizwa. Ndiyo maana "hospitali haina dawa" ni kilio cha haki, lakini bado hakijawa swali.

MCA anaweza kufanya nini?

Kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti na kuisimamia serikali ya gavana. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamkataza kujiingiza katika utendaji: hawezi kuagiza dawa, kuajiri muuguzi wala kumhamisha daktari. Alicho nacho ni swali. Anaweza kusimama katika bunge la kaunti na kuomba taarifa kuhusu jambo fulani, na jambo hilo likafika kwenye kamati inayohusika na afya. Kifungu cha 39 cha sheria hiyo kinairuhusu kamati kumwita waziri wa kaunti aje ajibu mwenyewe. Akikaidi, Kifungu cha 195 cha Katiba kinalipa bunge la kaunti na kamati zake mamlaka kama ya Mahakama Kuu ya kumlazimisha mtu afike na kuleta hati.

Kwale ina wadi 20, na mheshimiwa wa Mkongani ni mmoja tu kati ya wengi bungeni. Hata hivyo, swali lililoingia kwenye kumbukumbu za bunge haliwezi kukanushwa baadaye, tofauti na ahadi iliyotolewa kwenye mkutano wa hadhara.

Swali zuri likoje?

Lina mahali, jambo, muda na mtu wa kujibu. Tumchukue mama mwenye presha, anayetakiwa kumeza kidonge kila siku. Anaweza kuandika hivi, kwa mkono wake au wa mtoto wake aliye shuleni:

"Mheshimiwa, tangu Januari kila niendapo kliniki dawa ya presha, amlodipine, huwa hakuna katika kituo chetu. Naomba umuulize waziri wa afya wa kaunti: tangu mwezi huo kituo kiliagiza kiasi gani? Kililetewa kiasi gani, na tarehe gani? Kama kilipunguziwa, nani aliamua? Mzigo mwingine unafika lini?"

Weka jina kamili la kituo, jina lako na tarehe, kisha ubaki na nakala. Maswali ya aina hii hayawezi kuzimwa kwa neno "tunalishughulikia," kwa sababu yanadai idadi na tarehe. Tahadhari moja: yanayosemwa bungeni ni ya hadharani. Usitaje ugonjwa wa jirani yako bila ruhusa yake.

Na mbunge wa Matuga je? Na seneta?

Mbunge anawauliza mawaziri wa serikali kuu, ambao sasa huitwa mbele ya Bunge la Taifa kujibu maswali ya wabunge. Kwake peleka maswali ya bima ya afya ya SHA, KEMSA na pesa za wazee. Usimdai zahanati: sheria ya 2015 ya CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, iliuelekeza mfuko huo kwenye majukumu ya serikali kuu, kama madarasa ya shule. Seneta naye hufuatilia jinsi kaunti ilivyotumia pesa ilizotumiwa kutoka Nairobi.

Mgawanyo huu huwachanganya watu hata mbali na hapa. Huko Wales, ndani ya Uingereza, afya imekuwa chini ya serikali ya Cardiff tangu 1999, lakini pensheni ya wazee bado hutoka London. Mjumbe wa Senedd, bunge la Wales, humwandikia swali waziri wa afya wa Cardiff, na jibu huchapishwa kila mtu alisome. Pensheni hata akiiuliza hapo, si mamlaka ya Cardiff kuibadilisha. Mzee wa Mkongani yumo katika hali hiyohiyo: kidonge chake ni cha Kwale, pesa zake za uzeeni ni za Nairobi.

Babu ametimiza miaka 70 lakini hapati Inua Jamii. Tumuone nani?

Anza na naibu wa chifu, kisha afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Inua Jamii ni mpango wa serikali kuu unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa familia zinazolea mayatima na watoto walio katika dhiki, na kwa watu wenye ulemavu mkubwa. Kwale inaufahamu mpango wa aina hii tangu mwanzo: mwaka wa 2004, malipo ya mayatima yalipojaribiwa mara ya kwanza nchini, ilikuwa miongoni mwa sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Garissa na Nairobi.

Kutimiza miaka 70 hakumwingizi mtu kwenye orodha moja kwa moja. Lazima asajiliwe, na awe na kitambulisho. Ukifika ofisini usiulize tu "pesa zitakuja lini?" Uliza: jina lake limo kwenye orodha? Kama limo, malipo yanapelekwa kwenye akaunti ipi? Ni miezi gani haijalipwa?

Kwa mwenye ulemavu, serikali zote mbili zinahusika. Madaktari wa hospitali ya kaunti humpima na kujaza fomu, kisha Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu humsajili. Fomu ikikawia, uliza kwanza imekwama upande gani.

Nikiwa na SHA, bado nitalipishwa?

Inategemea mahali. SHA ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya awali, tarehe 1 Oktoba 2024. Kujisajili ni bure, kwa kupiga *147# au kwa kusaidiwa na mhudumu wa afya ya jamii. Aliyesajiliwa anapaswa kutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya pili na ya tatu, hata kama hajachanga, kwani huduma hiyo hugharamiwa na mfuko wa afya ya msingi. Kulazwa hospitali kubwa kunahitaji mchango uliolipwa. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mkulima, mvuvi au mwenye kibanda hukadiriwa mapato yake, na mchango hauwezi kupungua shilingi 300 kwa mwezi.

Ukilipishwa kituoni, omba risiti. Na tangu sheria ya 2023 ya fedha za vituo vya afya, pesa zinazokusanywa na kituo cha umma hubaki zitumike hapohapo. Kwa hiyo kamati ya kituo, ambayo ina wawakilishi wa wenyeji, inaweza kuulizwa: robo hii SHA ilitulipa kiasi gani, na pesa zilifanya nini?

Mtu akiumwa na nyoka usiku na hatuna pesa?

Apelekwe mara moja. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hospitali, ya umma au ya kibinafsi, inatakiwa kumtuliza mgonjwa kwanza. Habari za pesa zitafuata baadaye.

Naweza kuuliza mwenyewe, bila MCA?

Ndiyo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu raia kuomba habari kutoka ofisi yoyote ya umma, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kueleza anazitakia nini. Asiyejua kuandika husaidiwa na afisa wa ofisi hiyo. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa jambo linagusa uhai au uhuru wa mtu. Unachoweza kutozwa ni gharama ya kutoa nakala. Ukinyimwa au ukipuuzwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana zaidi kama Ombudsman, ambayo ina ofisi Mombasa.

Kijiji kizima pia kinaweza kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Liwe la heshima, lieleze hatua mlizokwisha kuchukua, na litiwe sahihi au alama ya kidole gumba.

Na maji? Na ndovu?

Maji ya bomba ni ya kaunti, kupitia kampuni yake, KWAWASCO. Ndovu wa hifadhi ya Shimba Hills ni wa serikali kuu: akiharibu shamba au kumdhuru mtu, ripoti kwa KWS, shirika la serikali kuu la wanyamapori, kwani fidia hutolewa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013.

Wakati gani wa kuuliza ni bora?

Dawa zikikosekana, leo. Lakini swali la kuongezewa wodi, muuguzi au ambulensi lina msimu wake. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa kaunti hupelekwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Anayeuliza Agosti anaweza kuingiza jambo lake kwenye mpango wa mwaka unaokuja. Anayeuliza Juni atakuta hesabu zimeshafungwa.

Jibu likitoka bungeni, mwombe MCA nakala na mlisome pamoja barazani. Kama waziri ameahidi kwamba mzigo wa dawa utafika mwezi fulani, mwezi huo uandikwe na kamati ya kituo iende kuhesabu makopo stoo. Ahadi isipotimia, swali lirudi bungeni, safari hii likitaja tarehe aliyoiweka waziri mwenyewe.