Amplifaya ya Besi Kibera na Kawangware: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Amplifaya ya gitaa la besi haifanyi kazi peke yake. Inategemea stima ya ploti, ukuta wa mabati, na jirani aliyelala upande wa pili wa ukuta huo. Ukinunua sanduku bila kufikiria hayo matatu, umejinunulia kesi. Masharti haya ni ya bendi za benga na rumba, kwaya na vikundi vya sifa, kuanzia Laini Saba hadi Olympic huko Kibera, Gatina hadi Congo huko Kawangware.

KUNUNUA

Usinunue wati za kwenye stika. PMPO 5000 si kipimo, ni tangazo. Tafuta wati za RMS, yaani za mfululizo. Kama hazikuandikwa, geuza mashine usome kibao cha nyuma. Fyuzi ya ampia 2 kwenye volti 240 hupitisha takriban wati 480 tu kwa mfululizo. Mashine yenye fyuzi hiyo haitatoa wati 1000 mfululizo hata ikiombewa.

Piga hesabu ya sauti kabla ya hesabu ya pesa. Kutoka wati 100 hadi 200 unaongeza desibeli 3, tofauti ndogo sana sikioni. Ili sauti isikike kubwa maradufu, unahitaji wati karibu mara kumi. Kwa hiyo pesa iliyobaki itie kwenye spika nzuri. Spika inayotoa desibeli 97 kwa wati moja badala ya 94 ni sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya maradufu, na haikuongezei bili ya token.

Usibebeshe amplifaya ya solo kazi ya besi. Waya mnene wa gitaa la solo hutetemeka mara 82 kwa sekunde. Wa besi, mara 41. Spika ya solo haikuundwa kusukuma hewa kiasi hicho. Itapasuka, na aliyekuuzia atakuwa ameshapanda matatu.

Soma volti na mizunguko. Soketi yetu ni volti 240, Hz 50. Mashine iliyotoka Marekani ikiwa ya volti 120 tu, ukiichomeka moja kwa moja itaungua papo hapo. Transfoma ya kushusha volti inasaidia, mradi iwe na uwezo unaozidi ulaji wa mashine. Lakini transfoma haibadilishi mizunguko: kibao kikisema Hz 60 pekee, iache hapo hapo. Na kama nyuma kuna swichi ya 115 na 230, hakikisha iko 230 kabla mtu yeyote hajagusa soketi.

Ijaribu kwa gitaa lako mwenyewe. Ukiikuta soko la Toi au kando ya stage ya matatu za 46, omba stima. Muuzaji akikataa, ondoka. Piga kila noti kuanzia E tupu, polepole, ukisikiliza mkwaruzo. Zungusha kila nobu. Ikikoroma, ina vumbi, na hiyo ni sababu ya kushusha bei. Iache ikiwaka nusu saa, kwa maana kuna ubovu unaojificha mpaka mashine ipate joto. Kisha chomoa spika uipime kwa maltimita: ya omu 8 husoma karibu 6, ya omu 4 husoma 3 na ushee. Isiposoma chochote, koili imekatika.

Usiunganishe spika kwa kubahatisha. Mbili za omu 8 zikiungwa sambamba zinakuwa omu 4. Mbili za omu 4 zinakuwa omu 2, na mashine nyingi haziwezi kuvumilia hapo. Tumia waya wa spika, si waya wa gitaa, hata kama jeki zinafanana. Amplifaya ya valvu usiiwashe kamwe bila spika.

Usiguse mali isiyo na mwenyewe. Namba ya mashine ikiwa imekwanguliwa, au jina la kanisa limepakwa rangi juu, hiyo bei ya kutupa ina sababu. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinampa anayepokea mali ya wizi, akijua au akiwa na sababu ya kuamini kuwa imeibwa, kifungo cha hadi miaka 14. Andikeni makubaliano: namba ya mashine, namba za vitambulisho, bei, tarehe, sahihi.

KUUZA

Taja ubovu kabla hujaulizwa. Wapiga besi wa mitaa hii wanajuana. Ukimficha mmoja koili iliyofungwa upya, kufikia Jumapili kila kwaya inajua.

Uzia mahali penye stima, mchana. Kanisani, studio, au kwa fundi. Si kichochoroni, wala si saa moja jioni kwa mtu uliyekutana naye kwenye tovuti ya Jiji.

Usiachilie mzigo kwa ujumbe ulioonyeshwa kwenye simu ya mnunuzi. Subiri ujumbe wa M-PESA ufike kwako, kisha angalia salio mwenyewe. Ujumbe uliotoka kwa namba ya kawaida ya simu si wa M-PESA, hata ukiandikwa vizuri namna gani.

Usikubali maneno "acha tuijaribu Jumapili". Atakayeijaribu Jumapili aweke amana Jumamosi.

STIMA

Usikate pini ya athi. Wala usichomeke kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie. Mpiga besi ameshika nyaya za chuma, na mdomo wake uko kwenye maikrofoni. Hitilafu ikitokea bila athi, njia ya stima ni mwili wake. Mvumo ukikukera, tafuta kitufe cha kutenganisha athi kwenye tundu la kwenda miksa. Hicho kinagusa waya wa sauti tu.

Pima volti jioni, si asubuhi. Stima ya sambaza, ile ya kugawana, hushuka wakati majirani wamewasha koili za kupikia. Mashine iliyofurahisha saa nne asubuhi inaweza kukohoa kwenye kesha.

Stima ikipotea, chomoa. Ikirudi, ngoja dakika chache. Kilinzi cha friji hungoja chenyewe, na ni cha bei nafuu kuliko transfoma mpya.

KUPANGA SAUTI

Anza na nobu zote katikati. Ongeza nobu ya kuingiza sauti mpaka taa ya onyo imulike ukipiga kwa nguvu, kisha irudishe kidogo. Ndipo uende kwenye sauti kuu. Gitaa lenye betri lichomeke kwenye tundu lake maalumu kama lipo.

Punguza kabla ya kuongeza. Besi ikinguruma, shusha nobu ya sauti za chini kwanza. Kuongeza kila kitu ni kuongeza sauti tu na kuchosha spika.

Kijue chumba chako. Chumba cha futi kumi kwa kumi huvuma karibu na Hz 56. Waya wa A tupu ni 55. Ndiyo maana noti hiyo moja hutikisa sufuria huku nyingine zikipotea. Punguza eneo hilo, na usiweke spika kwenye kona, kwa sababu kona huzidisha mvumo huo huo.

Usiue sauti za katikati. Besi ya benga ni ya noti fupi zinazorukaruka; ukibakiza mngurumo peke yake, hakuna atakayejua umepiga noti gani. Hata kwenye rumba ni hivyo: msikilize mpiga besi Tommy Malanga wa bendi ya Les Wanyika katika "Sina Makosa" kwa redio ndogo. Redio hiyo haiwezi kutoa Hz 41, lakini kila noti inasikika, kwa kuwa sikio linaitambua kupitia sauti za juu yake. Hizo ndizo wengi huzizima.

Usipange sauti ukiwa umesimama mbele ya spika. Mpe mwenzako gitaa, nenda benchi la mwisho, usikilize bendi nzima ikipiga. Sauti nzuri ya chumbani ukiwa peke yako mara nyingi humezwa na ngoma.

Heshimu saa. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 40 mchana kwa nyumba za ibada, na 35 kuanzia saa mbili usiku. Mabati huzuia kidogo sauti nyembamba; besi huyapita. Inua spika kutoka sakafuni, ielekeze kwa waumini badala ya ukutani, na ushushe sauti jua likizama. Mazoezi ya usiku ni ya hedifoni. Asiye na hedifoni afanye mazoezi kesho.