SOMO LA AFYA: CHOO CHEUPE CHA MTOTO SI JAMBO DOGO

Leo tujifunze juu ya ugonjwa usiotokea mara nyingi, lakini ukimpata mtoto hauna subira.

Ini hutengeneza nyongo. Nyongo hupita katika mirija midogo hadi kwenye utumbo, ikasaidia kusaga mafuta ya maziwa na kukipa choo rangi yake. Katika ugonjwa huu, uitwao bilia atresia, mirija huziba mtoto angali mchanga. Nyongo hukwama na kuliharibu ini. Asipotibiwa, mara nyingi mtoto hamalizi miaka 2.

Utafiti umetufundisha nini?

1. Kuwahi ni muhimu. Mwaka 1955, huko Sendai, Japani, Dkt. Morio Kasai alikata mirija iliyoharibika akaunganisha utumbo na ini moja kwa moja. Upasuaji huo hufaulu zaidi kabla mtoto hajafika siku 60. Hata hivyo, wengi baadaye huhitaji kubadilishiwa ini.

2. Mama anaweza kuugundua. Taiwan ilianza mwaka 2004 kuwapa kina mama wote kadi yenye picha za rangi za choo. Watoto waliopasuliwa mapema wakaongezeka.

3. Hakuna wa kulaumiwa. Chanzo bado hakijulikani. Kule Australia, wakati wa ukame wa 1964 na 1988, kondoo walizaa wana wenye mirija iliyoziba. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba wameipata sumu yenyewe katika mmea wa malisho ya huko. Lakini haijathibitishwa kuwa ndiyo inayowadhuru watoto wa binadamu. Basi kumwambia mama kwamba alikula kitu kibaya, au mtoto ametupiwa jicho, ni kumwongezea mzigo bure.

Tufanye nini?

Watoto wengi huwa na manjano siku za kwanza, nayo huisha. Ikipita siku 14, tusiendelee tu kumwotesha mtoto jua. Fungua nepi mchana, uangalie. Je, choo ni cheupe, kijivu, au kama udongo wa mfinyanzi? Mkojo umekolea kama chai isiyo na maziwa? Mtoto aweza kuwa mnene na kunyonya vizuri, hiyo isikudanganye.

Ukiona hivyo nenda siku hiyo hiyo, na nepi yenyewe umwonyeshe nesi. Omba damu ipimwe bilirubini ya aina zote mbili, siyo jumla peke yake. Ile ya nyongo iliyokwama ikiwa juu, omba barua ya kwenda hospitali ya rufaa.

Aliyengoja mpaka chanjo ya wiki 6 ametumia siku 42. Zimebaki 18 tu, na ndani yake kuna vipimo, nauli na foleni.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Hapa kwetu, mtoto akiwa na manjano tunafanya nini kwanza?
2. Kina baba, ni nani kati yetu ameangalia nepi wiki hii?
3. Kikundi kinaweza kumsaidiaje mama apate nauli siku hiyo hiyo?