Leseni Yako, Geti la Mwajiri

Kwenye barabara ya Kasulu kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na ile ya Kibondo mjini kwenda kambi ya Nduta, magari ya mashirika ya misaada hupita yakiwa na stika mlangoni: picha ya bunduki iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Tumeizoea kiasi cha kutoiona tena. Kwa dereva aliyeshika usukani, stika ile ni sharti la ajira. Akilivunja anaweza kupoteza kazi. Akifukuzwa bila utaratibu, anaweza kumfikisha mwajiri wake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja, na ni vizuri kila mfanyakazi wa wilaya zetu ayajue yote.

Tuanze na mwenye silaha yake. Ana bastola yenye leseni, ana gari lake, na asubuhi analiegesha ndani ya uzio wa mwajiri. Je, mwajiri anaweza kumkataza kuingia na bastola hiyo, hata kama itabaki imefungiwa ndani ya gari? Ndiyo, anaweza.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inampa raia ruhusa ya kumiliki silaha kwa masharti. Mwombaji awe ametimiza miaka 25, na ombi lake lipite kwa viongozi wa eneo lake na vyombo vya usalama hadi Polisi. Leseni ile inamlinda asishtakiwe kwa kuwa na silaha. Haimlazimishi mwenye nyumba, mwenye hoteli wala mwenye kiwanda kumfungulia geti akiwa nayo. Katiba yetu ya mwaka 1977 inataja haki nyingi, lakini haki ya raia kubeba silaha haimo. Wanaofuatilia habari za Marekani huchanganyikiwa hapa. Huko, mwaka 2002, wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi cha Valliant, jimbo la Oklahoma, walifukuzwa baada ya bunduki kukutwa ndani ya magari yao kwenye maegesho. Bunge la jimbo likatunga sheria ya kuwazuia waajiri kupiga marufuku silaha zilizofungiwa garini, na mwaka 2009 mahakama ya rufaa ikaiacha sheria hiyo isimame. Tanzania haina kinga ya namna hiyo kwa mfanyakazi. Ukimwambia meneja wako wa Kasulu kwamba gari ni mali yako na kilichomo ni chako, atakujibu kwamba ua ni wake, na sheria itakuwa upande wake.

Zaidi ya hapo, mwajiri ana wajibu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka alinde usalama wa walio kazini kwake. Bastola iliyoachwa kwenye dashibodi chini ya jua la mchana, gari likiwa limezungukwa na vibarua na wateja, ni hatari ambayo siku ikilipuka ataulizwa yeye. Na wewe mwenye leseni utaulizwa kwa nini silaha uliyokabidhiwa uitunze iliachwa mahali ambapo jiwe moja la dirishani lingeifikia.

Huku kwetu marufuku hiyo ina mizizi mirefu zaidi. Mtabila, ambayo leo vijana wanaijua kama kambi ya JKT, kikosi cha 825 KJ, ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia vita vya miaka ya 1990. Ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012, na katika miezi yake ya mwisho zaidi ya watu 30,000 walirudishwa makwao. Wakati wa vita hivyo Serikali ya Burundi ililalamika kwamba waasi walikuwa wakipumzika na kujipanga kwenye kambi za Kigoma. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka anayeingia na silaha kuomba hifadhi aisalimishe, na miaka hiyohiyo polisi walipangiwa kazi kambini kulinda hali ya kiraia ya makambi. Kambi ikionekana kuwa na bunduki, inaacha kuwa mahali pa mama na watoto, na gari la shirika likionekana limebeba mwenye bunduki, kesho yake linaweza kulengwa. Ndiyo maana mashirika hayalegezi sharti hili, na mimi nasema hayakosei.

Mtihani humwangukia dereva. Chukua hali hii: dereva wa shirika anarudi Kibondo jioni, mvua inanyesha, na askari aliyetoka lindo, bunduki begani, anamsimamisha kuomba lifti. Kumkatalia askari barabarani kunahitaji moyo. Lakini dereva akimpakia, amevunja kanuni ambayo huenda aliisaini siku ya kwanza ya kazi. Afanye nini? Amwambie kwa heshima, "Afande, samahani, gari hili haliruhusiwi kubeba silaha," aoneshe stika, kisha apige simu ofisini palepale. Askari akilazimisha, dereva asishindane naye. Aandike muda, mahali na jinsi ilivyokuwa, na ripoti iwe mezani kabla watu hawajaanza kusimulia. Aliyelazimishwa akaripoti hayuko sawa na aliyekubali akanyamaza, na tofauti hiyo huonekana kwenye karatasi. Nawaomba waajiri nao waandike ndani ya sera zao dereva afanye nini akilazimishwa, kwa maana si haki kumwachia mtu mmoja mzigo huo porini.

Sasa upekuzi. Mlinzi wa kampuni binafsi si polisi. Mwajiri anaweza kuweka sharti kwamba kila gari linaloingia litakaguliwa, na wewe ukikataa, unaweza kuzuiwa kuingia. Lakini mlinzi hana mamlaka ya kuvunja buti la gari lako wala kukupapasa kwa nguvu. Upekuzi wa lazima ni kazi ya Polisi, nao wanafuata Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Wakichukua kitu, wanapaswa kukuandikia hati inayoeleza walichochukua, na mashahidi wasaini. Dai hati hiyo. Soma kabla ya kusaini, hasa namba ya silaha na idadi ya risasi. Mlinzi akikukamata kwa kosa alilolishuhudia, ni lazima akufikishe polisi bila kuchelewa. Hawezi kukufungia stoo hadi meneja arudi kutoka Kigoma.

Tukija kwenye kufukuzwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka kanuni iliyovunjwa iwe ya haki, iwe wazi, mfanyakazi awe anaijua au alipaswa kuijua, na itumike kwa wote bila upendeleo. Hapo ndipo waajiri wengi hujikwaa. Sera inasema tu "silaha ni marufuku". Je, panga aliloliacha fundi kwenye boksi la pikipiki akitokea shambani ni silaha? Upinde wa mlinzi wa usiku je? Kama meneja mwenyewe huingia na bastola kiunoni na kila mtu anajua, kumfukuza msaidizi wa ghala kwa kosa hilohilo ni upendeleo ambao msuluhishi atauona haraka. Kuhatarisha usalama wa wengine kwa makusudi ni kosa kubwa linaloweza kuhalalisha kufukuzwa kwa mara ya kwanza, lakini hata hapo mwajiri lazima asikilize kwanza.

Kusikiliza kuna hatua zake. Uchunguzi unatangulia. Kisha unapewa tuhuma kwa maandishi, kwa lugha unayoielewa, na muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Unaingia kwenye kikao cha nidhamu na mwenzako wa kazi au kiongozi wa chama cha wafanyakazi, unahoji mashahidi, unaleta wako. Ukisimamishwa wakati uchunguzi unaendelea, mshahara wako wote unaendelea. Kinga hii dhidi ya kuachishwa isivyo halali haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6.

Kwa walinzi wenyewe, wanaokesha na bunduki ya kampuni, kuna jambo linaloniumiza kila nikilisikia: silaha imepotea au imeharibika, na kampuni inakata mshahara hadi mlinzi anarudi nyumbani na nauli tu. Sheria hairuhusu hivyo. Mwajiri anaweza kukata kufidia hasara pale tu ulipokubali kwa maandishi, hasara ikawa imetokea kazini kwa kosa lako, akakueleza kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu yake, na akakupa nafasi ya kupinga. Hata hapo, makato yasizidi robo ya mshahara. Pia uliza jina la nani liko kwenye leseni ya bunduki unayopewa, na uione nakala. Kukutwa na silaha isiyo na leseni kunashtakiwa chini ya kifungu cha 20 cha sheria ya 2015, na waendesha mashtaka huunganisha kosa hilo na sheria ya uhujumu uchumi. Kujitetea kwa "nilipewa na bosi" ukiwa mahabusu ni kazi ngumu. Gobore la kurithi lililofichwa darini nalo halina msamaha wa kifamilia. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, na huo ndio wakati wa kulipeleka.

Si kila mtu anapeleka mgogoro wake mahali pamoja. Walio katika utumishi wa JWTZ, Polisi, Magereza na JKT hawamo kwenye Sheria ya Ajira. Wana sheria zao, na maeneo yao yana amri zao. Mpishi au fundi aliyeletwa Mtabila na mkandarasi binafsi, huyo mwajiri wake ni mkandarasi, na sheria inamlinda kama mfanyakazi mwingine yeyote. Mwalimu au muuguzi wa halmashauri, tangu marekebisho ya mwaka 2016, anatakiwa kumaliza kwanza njia za utumishi wa umma.

Wengine wote wanakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo kwa mkoa wetu iko Kigoma mjini. Siku ni 30 tangu kuachishwa kazi, wikiendi zikihesabiwa. Ukichelewa itakubidi kwanza uombe kuongezewa muda na kueleza sababu za msingi. Fomu Namba 1 ndiyo inayofungua shauri, na huhitaji wakili kuijaza. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017 wanakusaidia bila malipo. Chukua mkataba, barua ya tuhuma, barua ya kuachishwa, hati ya mshahara na, kama ipo, nakala ya sera ya silaha yenye saini yako. Kama hukuwahi kusainishwa sera yoyote, liseme hilo mapema, siku ileile ya usuluhishi.