Jifunze Kumwaga Slabu ya Choo

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, na kila asubuhi nikija shule hupita ufuoni hapa Sori akina mama wakianika omena. Leo sikuletei shairi wala hadithi. Nakuletea somo lililonigharimu nusu mfuko wa simiti.

Sakafu ya choo cha nyanya ilikuwa ya magogo yaliyokandikwa udongo. Mchwa waliyatafuna kimya kimya, na siku moja gogo likavunjika nyanya akiwa ndani. Mguu wake ulizama hadi gotini. Tangu hapo akawa anangoja giza ndipo aende vichakani. Nasi maji yetu ya kunywa ni ya ziwa! Mvua ikinyesha, uchafu wote wa vichakani huteremka humo, na kipindupindu hakibishi hodi.

Baba alinunua mfuko mmoja wa simiti, kilo 50. Nikajifanya fundi. Sikupima kitu, nikatia maji mpaka zege ikawa kama uji, kisha nikaiacha juani "ikauke". Siku ya tatu tulipoiinua, ilikatika vipande viwili. Nyanya akaniuliza, "Nyakwara, hii ni slabu ama ni biskuti?" Wote walicheka, lakini mimi machozi yalikuwa karibu. Ilibaki nusu mfuko tu, na pesa hakuna.

Ndipo nikamwendea mjomba, ambaye ni fundi mwashi. Alinifunza hivi:

1. Chunguza mchanga. Mchanga wa ufuoni huwa na tope. Utie katika chupa ya maji, tikisa, uache utulie. Ukiona tope nene juu yake, uoshe kwanza.

2. Tengeneza fremu ya mbao, mita 1 kwa mita 1, kina sentimita 8. Tandika nailoni chini, na upake mbao oili chafu zisishikane na zege. Tundu la katikati lisizidi upana wa sentimita 18, mtoto asije akatumbukia.

3. Panga vyuma vya milimita 8, huku na huku, kila baada ya sentimita 15. Viinue kwa vijiwe, sentimita 2 hivi kutoka chini. Kwa nini chini? Ukisimama juu ya slabu, upande wa chini ndio unaovutwa, na zege haiwezi kuvutwa. Nchini Msumbiji, tangu mwaka 1979, walimwaga slabu za duara zilizobinuka kama gamba la yai, zisizohitaji chuma. Yetu ni bapa, kwa hiyo chuma ni lazima.

4. Pima. Nusu mfuko wa simiti ni karibu debe moja. Ongeza madebe mawili ya mchanga na manne ya kokoto. Changanya vikiwa vikavu, halafu utie maji kidogo kidogo, lita 13 hivi. Usishike simiti kwa mikono mitupu, itakuchoma.

5. Mwaga, shindilia, lainisha. Kisha funika kwa magunia na uyamwagie maji asubuhi na jioni kwa siku saba.

Hapo ndipo nilipokosea. Zege haipati nguvu kwa kukauka, bali kwa kunywa maji polepole. Jua letu la Sori liliyanyonya maji kabla simiti haijashikana. Safari hii niliamka alfajiri siku zote saba, nikachota maji kabla ya kuja shule.

Siku ya nane tuliiegemeza slabu juu ya matofali, tukasimama watu sita. Haikulia hata kidogo. Tukaivingirisha juu ya mabomba hadi shimoni.

Nyanya aliingia, akafunga mlango, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka alisema neno moja tu: "Sasa." Haraka haraka haina baraka, wenzangu. Nenda ukachunguze magogo ya choo chenu leo, kabla mchwa hawajakutangulia.