TELEFONE MOJA HAIONI UMBALI
(Somo dogo la fizika, kutoka kwa makapita wa mwaka wa mwisho)



Mnakumbuka salongo ya Jumamosi ile, tulipokata majani nyuma ya nyumba ya kulala ya wavulana. Mnakumbuka pia ile filme fupi iliyopita mkono kwa mkono jioni yake. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa tatu anaonekana akirusha chuma cha kukatia majani, na ncha ya chuma inapita juu ya mguu wa mwenzake kabisa. Sisi makapita tuliitazama mara nne au tano. Kila mmoja wetu alisema, "Huyu alitaka kumukata!" Tukaandika jina lake katika kitabu cha nidhamu, akapewa kupasua kuni za jikoni siku sita. (Telefone yenyewe iliingia namna gani shuleni, na inakatazwa? Hiyo ni habari ingine.)

Kijana alikataa. Alisema, "Nilikuwa mbali naye. Yeye kule, mie huku." Hatukumsikiliza, kwa maana tulikuwa na picha. Ajabu ni kwamba hata yule mwenye mguu hatukumuuliza.

Siku ya tatu ya azabu, mwalimu wetu wa fizika alituomba tufunge jicho moja, tunyooshe mkono, na kuweka kidole juu ya mwembe ulio ng'ambo ya uwanja. Akauliza, "Sasa kidole chako kimegusa mwembe?" Darasa likacheka. Sisi makapita hatukucheka sana. Kisha akasema kwamba wachezaji wa golfu wana shida hii hii, na dawa yake ilipatikana. Ndiyo tunataka kuwaeleza.

Golfu hapa kwetu hatuichezi. Katika Kongo yetu viwanja viko Kinshasa na Lubumbashi. Jirani zetu wa Kenya wana mashindano yao, Kenya Open, tangu mwaka 1967, na Mhispania Seve Ballesteros aliyashinda mwaka 1978. Mpira ni mdogo, upana wake santimetre 4 na kitu, uzito hauzidi gramu 46. Mchezaji anasimama kando yake, anainua fimbo nyuma mpaka juu ya bega, kisha anaishusha kwa nguvu na kuipitisha mbele. Tazameni vizuri: ni mwendo ule ule wa mtu anayekata majani kwa chuma chetu! Tofauti ni kwamba yeye analipa feza apate kuufanya, na sisi tunaufanya kwa amri.

Shida ni haraka. Fimbo ikishuka kutoka juu mpaka mpira, inatumia karibu robo ya sekunde tu. Kwa mchezaji hodari, kichwa cha fimbo kinafika metre 50 kwa sekunde, ndiyo kilometre 180 kwa saa. Kinagusana na mpira muda wa nusu ya elfu moja ya sekunde, halafu mpira umekwenda. Filme ya kawaida inachukua picha 30 kwa sekunde. Fanyeni hesabu: 50 gawanya kwa 30, ni metre 1 na santimetre 67 kati ya picha moja na ya pili. Maana yake picha ya kwanza fimbo iko nyuma, picha ya pili mpira hayupo tena. Kwa picha 240, fimbo inatembea santimetre 21. Kwa picha 1000, santimetre 5. Ni kwa sababu hii wanatafuta kamera za haraka.

Kazi hii haikuanza jana. Mwaka 1878, huko Palo Alto katika California, Mwingereza Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kwa mstari kando ya njia ya farasi. Farasi akipita anakata nyuzi, na kila uzi unafungua kamera yake. Watu walikuwa wanabishana kama farasi anayekimbia huinua miguu yote minne mara moja. Picha zilionyesha kwamba ndiyo. Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza mwaka 1882 kamera yenye umbo la bunduki, ikipiga picha 12 kwa sekunde moja. (Hawa wawili walizaliwa mwaka mmoja, 1830, na wakafa mwaka mmoja, 1904.) Halafu katika mwaka 1938, Harold Edgerton wa Massachusetts, Marekani, alimpiga picha mchezaji wa golfu Densmore Shute. Yeye aliacha kamera wazi gizani, na taa yake ikawaka na kuzimika mara 100 kwa sekunde. Katika picha moja unaona fimbo nyingi kama mbavu za mwamvuli, na unaona wazi namna mpini unavyopindika njiani.

Lakini Edgerton alitazama kwa upande mmoja. Leo wanaofundisha golfu wanaweka kamera mbili kwa uchache. Moja inakabili kifua cha mchezaji. Nyingine iko kwenye mstari wa mpira, nyuma, ikitazama kule mpira unakokwenda. Mstari wa kamera moja na wa nyingine inafanya pembe ya digre 90. Ya kwanza inaona kwenda kushoto na kuume, lakini mbali na karibu haioni. Ile ya pili inaona hayo ambayo ya kwanza haioni. Ukiweka zote mbili pamoja, unajua fimbo iko pahali gani kwa kweli, sawa na macho yetu mawili. Wengine wanaongeza kamera ya tatu, na wenye mali wanaweka nyingi kuzunguka mchezaji.

Basi tuliomba ruhusa kwa Bwana Prefe, akatupa. Walimu watatu walituazima telefone zao. Mbili zinapiga picha 120 kwa sekunde, ya tatu 240. Haya ndiyo tuliyojifunza kwa mikono yetu, na hatukufaulu mara ya kwanza.

Tulipasua mianzi na kubana telefone ndani yake, tukaisimika mianzi katika ardhi. Usishike kwa mkono, mkono unatetemeka. Kimo chake kiwe kama kimo cha mikono ya mkataji, kwa sababu kamera ikiwa chini sana au juu sana inabadilisha pembe zote. Ili kujua kama telefone imesimama sawa, tuliweka kando yake chupa yenye maji nusu: maji hayadanganyi. Tuliziweka mbali kidogo, metre 5 au 6, maana kamera ikikaribia sana, kitu cha mbele kinakuwa kikubwa kuliko haki yake. Kisha tulisimamisha kijiti cha metre moja pale pale chuma kinapopita. Bila kijiti hicho una picha nzuri lakini huwezi kupima chochote.

Mwangaza ulitusumbua. Picha ya haraka inakunywa jua nyingi. Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya masomo, na filme ikawa nyeusi na chuma kikawa kama moshi. Tukajaribu saa sita mchana. Kasongo iko digre 4 na nusu hivi kusini ya ekweta, na mwanzo wa mwezi wa tatu na mwanzo wa mwezi wa kumi jua linasimama juu ya kichwa kabisa. Wakati ule uso na mikono vinafunikwa na kivuli cha kofia. Saa tatu asubuhi ndiyo ilifaa, jua likiwa nyuma ya kamera.

Tuje kwa jambo lililo gumu kuliko yote. Namna gani kujua kwamba picha ya telefone hii na picha ya telefone ile ni za wakati mmoja? Katika nyumba za golfu kamera zinaunganishwa kwa waya, na alama moja inazifungua zote. Sisi hatuna waya. Mmoja wetu alisema, "Tupige makofi, tufuate sauti." Tulifanya hivyo, na hesabu zikakataa. Tukakaa na swali hilo siku nzima, mpaka msichana mmoja wa mwaka wa tano akasema, "Lakini sauti inachelewa!" Kweli, sauti inakwenda karibu metre 340 kwa sekunde. Telefone moja ilikuwa metre 7 mbali zaidi na makofi kuliko nyingine. 7 gawanya kwa 340 ni sekunde 0,02. Ni kidogo sana, mtasema. Lakini kwa muda huo ncha ya chuma inatembea karibu santimetre 35! Basi tuliacha sauti. Tulipiga mawe mawili pamoja mbele ya telefone zote, na tukatafuta katika kila filme picha ambamo mawe yanagusana kwa macho. Nuru haichelewi, walau si kwa kazi yetu.

Jambo lingine lilitushangaza. Katika filme moja mpini wa chuma ulionekana umepindika kama upinde. Wengine walifurahi, wakasema tumefanya kama Edgerton. Lakini mpini wetu ni mfupi na mgumu. Mwalimu alieleza kwamba kamera ya telefone haisomi picha nzima kwa mara moja, inasoma mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na wakati inasoma chini chuma kimekwisha kusonga. Tulilaza telefone ubavu, tukapiga tena, na ule upinde ukabadilika. Kitu kilichopindika kweli hakibadiliki kwa kulaza kamera. Basi ule ulikuwa uongo wa telefone.

Sasa turudi kwa ile filme ya salongo. Ndani yake kunaonekana kichuguu, na yule mwenye mguu amesimama kando ya kichuguu hicho. Kunaonekana pia jiwe jeupe karibu na mkataji. Vyote viwili bado viko pale. Tulimwomba kijana yule yule ashike chuma na kusimama penye jiwe. Pahali pa mguu tulisimika kijiti cha muhogo, maana hatukutaka kujaribu na mguu wa mtu. Telefone ya kwanza tuliiweka pale iliposimama ile ya siku ile, nyuma ya mkataji. Ya pili tuliiweka ubavuni, kwa digre 90. Ya tatu ilifungwa juu ya tawi, ikitazama chini.

Akapiga mara tano. Katika telefone ya kwanza, ncha ya chuma ilipita juu ya kijiti mara tano zote, sawasawa na filme mliyoona. Katika telefone ya pili, kati ya ncha na kijiti kulikuwa na metre 1 na santimetre 80. Ile ya juu ya tawi ilionyesha hivyo hivyo. Kati ya picha mbili za 120, ncha ilitembea santimetre 14, basi karibu metre 17 kwa sekunde, ndiyo kilometre 60 kwa saa. Yule mwenye mguu, tulipomuuliza hatimaye, alijibu, "Hata upepo wake sikuusikia."

Jina limefutwa katika kitabu cha nidhamu, na sisi makapita tulisoma masahihisho hayo mbele ya mistari yote Jumatatu asubuhi. Kijana alikuwa amekwisha kupasua kuni siku tatu. Zile kuni zimekwisha kuchomwa. Tulitaka kupasua zetu siku tatu badala yake, akasema afazali tumfundishe ile hesabu ya sauti, kwa sababu hakuisikia vizuri. Tulifanya yote mawili.

Filme zote tatu mwalimu wa fizika anazo, na hesabu zimeandikwa katika daftari lake. Jumamosi inayokuja, saa tatu, tutapiga picha penalti za timu ya mwaka wa nne, maana wanasema mlinda mlango wetu anatoka kwenye mstari kabla ya mpira kupigwa. Yeye anakataa. Mwianzi wa tatu ulivunjika, atakayekuwa na mwingine mnene alete.